Nazca kwa ndege ndogo: ukae upande gani, uruke saa ngapi, na mnara wa barabarani unatosha?

#1 Begi_Mgongoni
Wakuu salaam. Natafuta wanaoijua kwa undani Nazca ya Peru, lile jangwa lenye mistari na michoro mikubwa ya kale ardhini, siyo maneno ya brosha. Mpango ni basi kutoka Lima, begi moja, bajeti ya kubana. Ndege ndogo inaruka kama nusu saa kwa dola 80 hadi 120 hivi. Kuna tofauti ya maana kati ya kukaa kushoto na kulia? Asubuhi au mchana? Halafu kando ya barabara kuu kuna mnara ambao kiingilio chake ni sole (pesa ya Peru) chache tu. Dai langu, mnipinge mkiweza: mnara unatosha, ndege ni biashara ya kuwatapisha watalii.

#2 Kipanga_wa_Pwani
Mnara hautoshi. Uko kando ya barabara kuu ya Panamericana, kilomita kama 20 kaskazini mwa mji, na juu yake unaona michoro mitatu: mikono, mti na mjusi. Mjusi mwenyewe kakatwa katikati na barabara, walipoijenga hawakujua wanapita juu ya nini. Kondori (ndege mkubwa wa milima ya Andes), buibui, tumbili, ndege mvumaji, nyangumi, huoni hata mmoja. Na hiyo mitatu unaitazama kwa ulalo, kwa hiyo mikono inaonekana imefupishwa na mti umelala.

Kuhusu upande: haijalishi. Rubani anauzunguka kila mchoro mara mbili, kwanza bawa la kulia linalala, kisha anageuza na la kushoto linalala. Kinachojalisha ni safu ya kiti.

#3 Mama_Ramani
Naongezea kwa #2. Kwenye Cessna 206 (ndege ndogo ya injini moja) mbele wako marubani wawili, nyuma yao abiria wanne, safu mbili. Mabawa yako juu ya kioo, hiyo ni faida, lakini kuna ule mhimili wa chuma unaoshika bawa na mwili wa ndege, na chini kuna gurudumu. Safu ya kati mhimili unaikata picha. Safu ya mwisho unauona mbele yako, chini kuko wazi zaidi. Hasara yake ni kwamba mkia unayumba kuliko katikati, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi akae safu ya kati na asamehe picha.

Lakini msijidanganye kwamba mtachagua. Mnapimwa uzito kaunta, na viti vinagawiwa kwa uzito ili ndege isilemee upande mmoja.

#4 Tumbo_Jepesi
Hapo kwenye kupimwa: ni kweli mtu mzito analipishwa zaidi?

#5 Mama_Ramani
Kampuni nyingi huweka mpaka karibu na kilo 100. Ukizidi unaongezewa malipo au unauziwa viti viwili. Ulizia kabla ya kulipa. Wakijua mbele ya mizani huna nguvu ya kubishana, wenzako wameshafunga mikanda.

#6 Mzee_Dira
Vijana mnaongea habari za viti wakati swali la kwanza ni usalama. Februari 2010 ndege ilianguka, wakafa saba. Oktoba mwaka huohuo nyingine, wakafa sita. Mamlaka ikakaza: marubani wawili kila ndege, ukaguzi, baadhi ya kampuni zikasimamishwa. Februari 2022 Cessna 207 ikaanguka muda mfupi baada ya kupaa, saba wakafa wote.

Sisemi msipande. Nasema msinunue tiketi kwa mpiga debe wa stendi ya basi anayewaambia "leo bei ya rafiki". Nendeni kaunta ya kampuni uwanjani (uwanja unaitwa María Reiche, uko nje kidogo ya mji kwenye Panamericana) au ofisi yao mjini, muulize aina ya ndege na idadi ya marubani. Mkiona anatajwa rubani mmoja, ondokeni. Na someni bima zenu. Bima nyingi za safari zinazitenga ndege ndogo zisizo na ratiba, na mstari huo umeandikwa kwa herufi za sisimizi.

#7 Kipanga_wa_Pwani
Mzee Dira yuko sahihi, ila aeleze na fizikia, maana watu hudhani kulala kwa bawa ni mbwembwe za rubani. Ndege ikigeuka bila kupoteza kimo huku bawa limelala nyuzi 30, uzito unaousikia mwilini unaongezeka asilimia 15. Nyuzi 45, asilimia 41. Nyuzi 60, unakuwa mara mbili. Kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linabeba nayo inapanda: kwenye nyuzi 45 inapanda kama asilimia 19. Rubani anayemridhisha mteja kwa kulaza sana bawa huku akipunguza kasi ili mpige picha vizuri anakula akiba yake kwa pande zote mbili. Kwa hiyo msimwambie "laza tena, sijaona".

#8 Tumbo_Jepesi
Asante kwa kuniharibia chai. Sasa kutapika kunazuiwaje?

#9 Dada_Dawa
Dimenhydrinate, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuruka. Peru inauzwa kaunta kwa jina la Gravol. Inaleta usingizi, kwa hiyo usipange kuendesha chochote baadaye. Cinnarizine tunayoizoea huku nayo inafanya kazi, lakini inataka kumezwa mapema zaidi, saa mbili kabla. Ukiimeza ukiwa tayari umeanza kuona kisunzi umeshachelewa, tumbo limeshaacha kufyonza dawa.

Chakula: tumbo tupu kabisa ni baya, tumbo lililojaa ni baya zaidi. Mkate mkavu na chai isiyo na maziwa masaa mawili kabla. Mayai ya kukaanga na juisi ya machungwa ya hosteli, acheni hadi mrudi.

Ndani ya ndege fungua kitundu cha hewa, kielekeze usoni. Kati ya mchoro na mchoro tazama upeo wa macho, siyo skrini ya simu. Wanaoumia zaidi ni wanaotazama kupitia kamera muda wote: sikio la ndani linasema tumegeuka, jicho liko kwenye kisanduku kinachosema tumetulia.

#10 Begi_Mgongoni
Mkuu Kipanga, swali la saa bado.

#11 Kipanga_wa_Pwani
Saa mbili hadi saa nne asubuhi (kwenye tiketi itaandikwa 08:00 hadi 10:00). Sababu ni mbili. Jua liko chini bado, kingo za mawe zinatupa kivuli, mistari inaonekana. Saa sita jua liko utosini, pampa (ule uwanda wa jangwa) yote inakuwa rangi moja. Ya pili ni upepo: ardhi ikipata moto hewa inapanda kwa vipande, kuanzia mchana ndege inarukaruka.

#12 Fundi_Lenzi
Nusu kweli. Asubuhi mapema kuna utusitusi, na uwanja haufungui njia mpaka mwonekano ufike kiwango. Kuna siku ndege za saa moja na saa mbili zinasogezwa zote, foleni inajaa, mwenye tiketi ya 08:00 anaruka 11:00. Kwa hiyo kata ya asubuhi, sawa, lakini USIKATE basi la kuondoka mchana wa siku hiyohiyo. Kata la jioni au la usiku.

Na wanaosema waruke kutoka Pisco kwa sababu iko karibu na Lima: Pisco iko ufukweni, ukungu wa bahari unaikaba kuliko Nazca iliyo ndani. Safari ya Pisco ni kama saa moja na nusu, na bado muda wa juu ya michoro ni uleule wa nusu saa. Unalipia kwenda na kurudi juu ya mchanga. Faida yake ni ndege kubwa zaidi, Cessna Caravan ya abiria kumi na kitu, inatulia.

#13 Begi_Mgongoni
Na picha? Nina simu tu na kamera ndogo.

#14 Fundi_Lenzi
Hapa ndipo watu wanapopoteza. Dirisha ni plastiki ngumu, siyo kioo. Kichujio cha polaraiza (kile cha kupunguza mng'ao) juu ya plastiki hiyo kinazaa upinde wa mvua kwenye picha, kitoe kabla hujapanda. Vaa nguo nyeusi au ya rangi iliyokolea: fulana nyeupe ndiyo utakayoipiga picha, kwa mwakisi wake dirishani. Lenzi iwe karibu na dirisha lakini isiliguse, mtetemo wa injini unapita moja kwa moja.

Kasi ya shata iwe sehemu ya 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi. Lenzi pana kabisa ni kosa, kwa simu tumia lenzi kuu siyo ile ya pembe pana. Buibui ana mita 46 tu. Watu wanatarajia kitu cha kufunika dirisha, wanakiona kidogo kama stempu kwenye bahasha, wakija kushtuka rubani ameshageuza. Fokasi iweke mbali moja kwa moja, maana kamera ikiachiwa itashika mikwaruzo ya dirisha. Kama kamera yako inahifadhi faili ghafi, washa. Mistari ina tofauti ndogo sana ya rangi na ardhi, utahitaji kuivuta nyumbani.

Na rubani akisema "debajo del ala" anamaanisha chini ya ncha ya bawa. Fuata ncha ya bawa kwa jicho, teremka wima hadi ardhini. Ndiyo siri yote.

#15 Mama_Ramani
Wanakupa karatasi ya ramani yenye mpangilio wa michoro, kwa kawaida nyangumi anatangulia, kisha maumbo marefu ya pembe nne, mwanaanga, tumbili, mbwa, halafu kondori, buibui, ndege mvumaji, na mwisho kasuku, mti na mikono upande wa barabara. Ikariri mkiwa kaunta. Ukiwa juu, pampa ina mistari mingi kuliko michoro na jicho linapotea. Tumia Panamericana kama rula. Kondori ana mita kama 134, zaidi ya uwanja wa mpira. Ndege mvumaji ana mita 90 na ushei.

#16 Mwanafunzi_wa_Jana
Samahani, ndege mvumaji ndiye yupi?

#17 Mama_Ramani
Yule mdogo wa Amerika anayesimama hewani akinyonya maua. Ukimwona utasema chozi wetu, lakini si jamaa yake.

#18 Shekhe_Nyota
Sasa niseme yangu. Hao watu wa kale walichora vitu vya mita 134 visivyoonekana ila kutoka juu. Maria Reiche aliyeigundua alisema ni kalenda ya nyota. Mbona mnazunguka?

#19 Mzee_Dira
Mawili. Reiche hakuigundua. Mperu Toribio Mejía Xesspe ndiye aliyeiandikia miaka ya 1920, akaiona kama njia za ibada. Paul Kosok, Mmarekani, alifika mwaka 1941 akifuatilia mifereji ya kale ya maji, akaona jua la Juni linatua mwisho wa mstari mmoja, ndipo wazo la kalenda likazaliwa. Reiche, Mjerumani wa Dresden, akaendeleza: akapima, akafagia, akailinda pampa hadi kifo chake mwaka 1998. Mnara wa kwanza pale barabarani ulijengwa kwa juhudi zake mwaka 1976.

La pili, kalenda. Gerald Hawkins, mtu wa nyota, aliipitisha mistari kwenye kompyuta mwaka 1968. Inayolenga jua, mwezi na nyota haikuzidi ile ambayo ingelenga kwa bahati tu. Mistari ni mingi mno, inaelekea kila upande, lazima mingine itaangukia jua.

#20 Shekhe_Nyota
Hawkins alitumia nyota zilezile za Ulaya. Hakuuliza watu wa Andes wanatazama nini. Wao wana makundi ya giza ndani ya Njia ya Maziwa, wanayaita wanyama. Kompyuta haikulishwa hayo.

#21 Kipanga_wa_Pwani
Hoja nzuri, ila bado hujathibitisha chako, umebomoa cha mwenzako tu.

#22 Bwana_Mifereji
Mimi ni wa maji. Tazameni wapi palipo. Ni jangwa linalopata mvua ya kuhesabika kwa milimita, watu wanaishi kwa mito inayoshuka Andes na kukauka sehemu ya mwaka. Hapohapo Nazca kuna puquio, mifereji ya chini kwa chini yenye mashimo ya mzunguko kama konokono ya kushukia kwenye maji. Ya Cantalloc iko nje tu ya mji na mingine bado inamwagilia mashamba. Mtafiti Johan Reinhard aliihusisha mistari na milima inayoleta maji na ibada zake. Anthony Aveni na wenzake walihesabu vituo 62 ambapo mistari inatokea kama miale, vingi viko kwenye vilima karibu na kingo za mito.

Na wanyama wenyewe! Tumbili hayuko pwani ya Peru. Mwaka 2019 wataalamu wa ndege wa Japani waliwachunguza ndege wa michoroni, wakasema huyu mvumaji ni wa jamii ya misituni, na wengine ni wari wa baharini. Msitu ni mvua, bahari ni ukungu. Wanaita maji.

#23 Mwanafunzi_wa_Jana
Nilisoma pia kwamba mistari inafuata mipasuko ya chini yenye maji, kwamba ni ramani ya visima.

#24 Bwana_Mifereji
Hilo ni wazo la mtafiti David Johnson. Baadhi ya pembe nne zinaangukia mipasuko, nyingi haziangukii. Mimi nasema ibada ya maji, siyo ramani ya fundi bomba.

#25 Kobe_Mtembezi
Wote mnaitazama kutoka juu kwa sababu mnalipia ndege. Waliochora hawakuwa na ndege. Tazameni tumbili, kondori, buibui: ni mstari mmoja usiojikata, unaingia sehemu moja unatokea kando yake. Hiyo ni njia ya kutembelewa kwa msafara. Juu ya mistari kumeokotwa vigae vingi vya vyungu vilivyovunjwa. Mwaka 2012 Clive Ruggles na Nicholas Saunders waliandika kuhusu njia ya mzingile jangwani hapo, ambayo ukiwa ndani yake huwezi kuona umbo lake, unalijua kwa miguu tu.

#26 Shekhe_Nyota
Na mikono yenye vidole tisa? Na tumbili mwenye vidole tisa? Wageni kutoka juu hao, na mistari ni viwanja vyao vya kutua.

#27 Kipanga_wa_Pwani
Tulikuwa tunakusubiri. Viwanja vya kutua vyombo vya anga kwenye udongo laini ambao tairi la lori linauharibu? Januari 2018 dereva alitoka barabarani na lori lake, akaacha alama juu ya mistari mitatu. Chombo cha kuvuka nyota kingezama hadi madirishani.

#28 Fundi_Lenzi
Na kuchora hakuhitaji mtu wa juu. Mwaka 1982 Joe Nickell na ndugu zake walimrudufu kondori kwa ukubwa wake kamili shambani Kentucky, watu sita, vigingi, kamba na ubao wa kupimia pembe, kazi ya siku chache tu. Nazca kwenyewe vimepatikana vigingi vya mbao mwisho wa baadhi ya mistari.

#29 Mwanafunzi_wa_Jana
Lakini walichimbaje mifereji yenye kina cha mita nzima bila vyuma?

#30 Mama_Ramani
Hakuna mita. Kina ni sentimita 10 hadi 15 kwa kawaida, mahali pachache hufika 30. Juu ya pampa kuna tabaka la mawe yaliyopata kutu ya chuma na manganisi, yamekuwa kahawia iliyokoza. Chini yake udongo ni wa manjano iliyopauka. Unaokota mawe ya juu, unayalundika pembeni, basi, mstari umetokea. Ukingo wa mawe ndio unaotoa kile kivuli cha asubuhi cha #11. Kazi ni ya mikono na uvumilivu. Ndiyo maana pia nyayo moja inabaki miongo mingi: ukisogeza jiwe umechora. Desemba 2014 wanaharakati wa Greenpeace waliingia kwa miguu karibu na ndege mvumaji kuweka maandishi, na njia yao ilionekana kutoka angani. Kutembea pampani ni marufuku, na droni pia.

#31 Kobe_Mtembezi
Halafu kuna kazi ya Chuo Kikuu cha Yamagata, Masato Sakai na wenzake pamoja na IBM. Mwaka 2024 walitangaza michoro mipya 303, waliyoisaka kwa akili mnemba juu ya picha za angani kisha wakaikagua kwa miguu ndani ya miezi sita. Kabla yake, karibu karne nzima, ilikuwa imejulikana 430. Mingi ya mipya ni midogo, wastani wa mita 9, iko kando ya vijia vya miguu, inaonyesha watu, vichwa na wanyama wa kufugwa. Mikubwa, wastani wa mita 90, ndiyo yenye wanyama wa porini, nayo inaandamana na mtandao wa mistari mirefu. Sakai anaona midogo ilikuwa ya kutazamwa na wapita njia, mikubwa ya ibada ya jamii. Kwa hiyo swali "ilikuwa ya nini" huenda lina majibu mawili kwenye jangwa moja.

#32 Bwana_Mifereji
Ibada ya jamii ya kuomba nini? Maji.

#33 Kobe_Mtembezi
😂 Endelea.

#34 Mzee_Dira
Na msisahau kwamba iliyo mikongwe haihitaji ndege hata kidogo. Palpa, kaskazini mwa Nazca, kuna watu waliochorwa kwenye miteremko ya vilima, wa enzi ya Paracas, kabla ya Wanazca wenyewe (hao ni takriban 200 KK hadi 600 BK na ushei). Wako miteremkoni, wanaonekana kutoka bondeni. Hili linamvuruga Shekhe Nyota na linawavuruga wa ndege pia.

#35 Said_wa_Maskati
Assalamu alaykum, nimepita tu. Kwa walio Ghuba, hakuna haja ya kufika Peru. Jangwa la mawe meusi la Jordani na Harrat Khaybar ya Saudia limejaa kuta za mawe zenye umbo la tiara. Marubani wa Kiingereza wa njia ya barua Cairo–Baghdad ndio waliozitangaza, Percy Maitland aliandika mwaka 1927. Wabedui waliita kazi za wazee. Ni mitego ya swala: kuta mbili ndefu zinasonga hadi kwenye uzio wenye mashimo. AlUla, hukohuko Saudia, kuna helikopta za watalii.

#36 Kipanga_wa_Pwani
Shekhe Said, hizo ni kuta za kazi, siyo michoro. Karibu hata hivyo.

#37 Said_wa_Maskati
Na zile pembe nne kubwa za mawe za AlUla na Khaybar, zaidi ya elfu moja, za miaka kama 7,000 iliyopita, zilizokutwa na pembe za ng'ombe ndani? Hizo si mitego. Kubwa kuliko nyangumi wenu.

#38 Moda_Pembezoni
Tiara ifunguliwe uzi wake. Turudi Nazca.

#39 Kasongo_Lubumbashi
Bonjour ndugu. Hakuna aliyesema namna ya kufika. Visa?

#40 Begi_Mgongoni
Hilo nami nalingojea.

#41 Mama_Ramani
Visa ya Peru kila mtu athibitishe kwa pasipoti yake ubalozini. Kinachowakamata watu ni njia ya kupitia. Kupitia Marekani unahitaji visa yao hata kwa kubadilisha ndege tu. Kupitia Ulaya, mwenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa yumo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen ya wanaotakiwa visa ya kupita uwanjani. Mtanzania na Mkenya hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ila nchi moja moja zina nyongeza zao, kwa hiyo soma ya nchi unayopita. Wengi wetu tunapita Addis Ababa hadi São Paulo kwa Ethiopian, kisha São Paulo hadi Lima. Tiketi iwe moja. Ukikata mbili tofauti, begi linaishia Brazil na wewe unatakiwa kuingia nchi yao kulichukua.

#42 Kasongo_Lubumbashi
Aksanti sana dada.

#43 Fundi_Lenzi
Kutoka Lima: kilomita kama 450, basi masaa saba hadi nane. Mwenye bajeti ya kubana akate vipande: Lima–Paracas, Paracas–Ica, Ica–Nazca. Paracas panda boti ya visiwa vya Ballestas, njiani unapita mbele ya Kandelabra, mchoro mkubwa wa kilimani unaotazamwa kutoka baharini. Boti za asubuhi, baadaye upepo unachafua bahari.

Wanaotoka Cusco: basi la usiku masaa 14 au 15, linapanda juu ya mita 4,000 kisha linashuka kwa kona hadi Nazca. Ukiteremka hapo alfajiri na kwenda moja kwa moja uwanjani, dawa ya Dada Dawa haitakuokoa. Lala kwanza, ruka kesho yake. Na Januari hadi Machi maporomoko hufunga hiyo barabara.

#44 Dada_Dawa
Nakazia. Mtu aliyekosa usingizi na maji mwilini anatapika hata kwenye ndege iliyotulia.

#45 Tumbo_Jepesi
Begi kubwa linaachwa wapi?

#46 Mama_Ramani
Hosteli au ofisi ya basi. Uwanjani beba pasipoti (bila hiyo huingii kwenye orodha ya abiria), kamera moja, na sole taslimu, kwa sababu ada ya uwanja hulipwa kando na tiketi na kaunta hiyo haina huruma na noti za dola zilizochanika.

#47 Begi_Mgongoni
Nimewasikia, lakini sijashawishika kote. Kama michoro ya Palpa inaonekana kutoka bondeni kama alivyosema Mzee Dira, na mnara una mitatu, basi siku moja ya barabarani inanipa zaidi ya nusu saa ya kichefuchefu.

#48 Kipanga_wa_Pwani
Inakupa idadi zaidi, siyo kuona zaidi. Mistari mirefu inayokwenda kilomita kadhaa bila kupinda huioni kutoka mnarani, na hiyo ndiyo Nazca yenyewe. Wanyama ni wachache.

#49 Kobe_Mtembezi
Simama chini, kwenye kilima cha asili karibu na mnara, utaona mistari inavyotoka miguuni mwako hadi milimani. Ndivyo alivyoiona aliyeichora.

#50 Shekhe_Nyota
Nenda mwezi wa Juni, jua likitua.

#51 Bwana_Mifereji
Nenda Cantalloc.

#52 Mzee_Dira
Begi, ukienda kwa barabara: panda teksi za pamoja za Nazca–Ica, mwambie dereva "mirador" (ndio mnara). Panda asubuhi. Hakuna kivuli wala duka la maana pale, beba maji lita mbili. Kurudi unasimama kando ya Panamericana upande wa kuelekea kusini na kupunga mkono. Mabasi makubwa hayasimami, teksi zikijaa zinakupita, kwa hiyo usingoje giza likukute. Kabla hujarudi unaweza kuendelea kilomita chache kaskazini hadi kijiji cha San Pablo, nyumba aliyoishi Reiche sasa ni makumbusho na amezikwa hapohapo.

#53 Begi_Mgongoni
Palpa ni teksi hizohizo?

#54 Mzee_Dira
Hizohizo, unashuka mjini Palpa. Pale stendi unachukua mototaksi hadi kwenye vilima, na bei unapatana kabla hujapanda, ya kwenda, kusubiri na kurudi.